Alikotolewa na Maji

Kama gazeti la Jumamosi iliyopita lilikupita, usihangaike kuazima la jirani. Mimi ni Modesta, binti wa Magu, dobi wa hoteli ya kitalii kisiwani Rwamba. Mume wangu Opiyo alikuwa mkuu wa walinzi wa ghuba ya hoteli, ile ambayo mtu haruhusiwi kutupa wavu. Alitoka na boti asubuhi ya upepo, tukaambiwa kaenda kufukuza watu wa kokoro, ule wavu wa kukokota. Boti ikapinduka. Mwenzake Collins aliokolewa akiwa amekumbatia dumu tupu la petroli. Opiyo hakuonekana.

Tulimtafuta mpaka watu wakaanza kunikwepa macho. Gazetini niliishia pale nilipokuwa naanika mataulo ya wageni, Maige wa jikoni akaja mbio, aproni bado kiunoni.

"Modesta, acha hayo mataulo," alisema. "Wageni wameona mtu kule Mazalio."

Hakusema wameona maiti. Maige ni mtu mwema.

Sasa nikueleze Mazalio ni wapi, maana bila hapo hadithi yangu haina miguu. Ni ghuba ndogo nyuma ya kisiwa, ina matete na mawe makubwa, na sato wanapenda kuzalia humo. Miaka ile ya soko huria kila mtu alikuwa anachota ziwani bila kuuliza. Viwanda vya sangara vilikuwa vinaota Mwanza kila kukicha, na wavuvi walikuwa wanakokota hata vifaranga vya samaki. Ndipo akaja Bwana Klausi, Mjerumani aliyejifunza Kiswahili kwa mapadri, akaomba kisiwa ambacho hata mbuzi wetu walikikataa.

Akajenga vijumba vya nyasi vya kifahari. Taa zake za jua. Maji machafu ya bafuni yanapitishwa kwenye vitalu vya matete kwanza ndipo yaruhusiwe kuonana na ziwa. Sisi madobi tulinyang'anywa sabuni ya unga, tukapewa ya mche isiyo na povu, tukanuna mwezi mzima. Na wazungu wakapanda ndege kutoka kwao kuja kulala mahali pasipo na televisheni na kutazama ndege wa matete. Mimi nilikuwa nacheka. Dunia hii kila mtu na njaa yake.

Mazalio ilikuwa na masharti aliyokubaliana Klausi na kijiji cha ng'ambo: pasiingie wavu, pasiwashwe moto, pasipigwe jembe. Na nisiwe mnafiki, masharti yalifanya kazi. Sato walirudi. Hata waliokuwa wanatukana hoteli walikuwa wanavua nje ya ghuba na kurudi wanaimba.

Mlinzi wa masharti hayo alikuwa mume wangu. Siku moja alimkatalia Klausi mwenyewe kushuka Mazalio na mbwa wake, kwamba mbwa atakula mayai ya ndege. Klausi akacheka, akamrudisha mbwa. Opiyo alikuwa hivyo. Akishika neno, ameshika.

Basi tukaenda, mimi na Maige, tukiruka mawe.

Opiyo alikuwa amelala kifudifudi kwenye matete, kama mtu aliyechoka njiani. Nilimjua kwa sweta. Kiwiko cha kushoto nilikiziba mwenyewe, na siku ile alinitania kwamba sisi watu wa Magu tumezoea kushona magunia ya pamba.

Sikupiga kelele. Nilikaa chini majini, nikamshika mguu. Nilimpenda yule mwanaume, jamani. Sitafuti maneno mengine.

Wageni wawili walikuwa wamesimama pembeni na darubini zao. Mama wa kizungu alikuwa analia, na hata jina la marehemu hakulijua. Klausi alifika, akavua kofia.

"Pole, Modesta. Pole sana." Akamgeukia Collins aliyekuja nyuma yake. "Lete boti kubwa. Tumpeleke mochwari mjini. Hoteli itashughulikia kila kitu."

Collins hakusogea. Na kabla hajasogea, sauti ikatoka juu ya mawe.

"Msimwinue."

Alikuwa mama mkwe wangu, Mama Agutu. Alikuja kutoka Rorya mara habari ilipomfikia, akiwaacha wanangu wawili bomani kwake. Alishuka mawe yale kwa miguu yake yenye baridi yabisi, hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Akachutama karibu na mwanawe, akamfuta mchanga shingoni.

"Nyathina," alimwambia. "Mwanangu. Umechoka."

"Mama, shikamoo," Klausi alisema taratibu. "Jua linapanda. Hawezi kubaki hapa."

"Marahaba. Atabaki hapa hapa. Aliyekufa maji anazikwa pale maji yalipomtoa. Ukimbeba ukampeleka kwingine, umeyaonyesha maji njia. Yatarudi kuwafuata wa kwake." Akanigeukia mimi. "Nyar Magu, binti wa Magu, unao watoto kule kwangu. Huyu akizikwa mjini, mimi siwezi kukaa nao boma moja. Nitawaogopa, na watu watawaogopa. Unataka wakulie wapi?"

Mimi ni Mkristo, nimebatizwa, na mila za Wajaluo nimezikuta ukubwani. Lakini kwetu pia aliyekufa maji hapelekwi nyumbani, kwa hiyo nilimwelewa. Nilijua hatanii. Rebeka wangu na mdogo wake wangenyooshewa kidole maisha yao yote kwamba hao ndio waliobebewa maji.

Tangu dakika ile nilitaka kitu kimoja tu duniani: shimo moja Mazalio, kabla jua halijamharibu mume wangu.

Klausi akaniita pembeni.

"Unajua masharti, Modesta."

"Nayajua."

"Hakuna jembe Mazalio. Mimi mwenyewe nilitaka kujenga gati pale, nikakataliwa. Unamkumbuka aliyenikatalia?"

"Opiyo."

"Opiyo." Akaikunja kofia yake. "Alisema, Bwana Klausi, ukichimba wewe, nitamwambia nini asiye na kitu?"

"Shimo moja tu."

"Leo ni moja. Kesho ziwa litamtoa mwingine, na ndugu zake watauliza mbona Opiyo. Watakuja na moto wa matanga. Watakata matete wapate pa kukaa. Ndege wataondoka, samaki wataondoka, na kijiji kitasema nilikidanganya."

Nilitamani kumchukia. Ingekuwa rahisi, mzungu na kisiwa chake. Lakini macho yake yalikuwa mekundu, na aliyosema yalikuwa kweli.

"Masharti haya si yangu peke yangu," alisema. "Ni ahadi yangu na kijiji. Kijiji kikisema ndiyo, nitachimba mwenyewe."

Nikamshukuru Mungu papo hapo. Kijiji! Kijiji chote ni watu wa maji. Mkerewe, Mjita, Mjaluo, Msukuma wa pwani ya ziwa, nani asiyejua kwamba aliyekufa maji anazikwa alikotolewa? Nilijiona nimeshashinda. Hata mama mkwe alishusha pumzi.

"Nenda," aliniambia. "Hao wanajua."

Tukamfunika Opiyo kwa turubai. Mama akakaa kichwani kwake na tawi mkononi, akiwafukuza korongo. Mimi nikapanda boti na Collins.

Kijijini tuliwakuta kwenye banda la mizani ya samaki, wanaume wanasuka nyavu, wanawake wanageuza dagaa mchangani. Habari ilikuwa imeshatangulia, maana habari ya kifo haingoji boti. Nikamsalimu mwenyekiti, Mzee Machibya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akaishia hapo. Sikusikia pole. Kwetu sisi hata mwizi akifiwa anapewa pole, hata kama ni ya mdomoni. Nikadhani wamepigwa na butwaa. Nikaeleza shida yangu yote, mama mkwe alivyosema, mzungu alivyosema, kwamba sasa neno liko kwao, waseme ndiyo tu tukazike.

Wanawake waliendelea kugeuza dagaa.

"Semeni basi, wazee wangu," nikasema. "Jua halinisubiri."

Chenge, mvuvi mmoja mrefu ambaye Opiyo aliwahi kumchomea wavu, akatema mate pembeni. "Mkuki kwa nguruwe," alisema. Hakumalizia. Hakuna aliyehitaji amalizie.

"Kama ni ule wavu wako, kaka Chenge, nakuomba radhi kwa niaba yake."

"Wavu nilinunua mwingine. Mimi sina neno na marehemu." Akaonyesha kwa kidevu. "Muulize Paskazia."

Paskazia alikuwa anakaanga samaki kwenye kikaango chake pale pale bandani. Mama wa makamo, mpole, mjane. Samaki wake nilishanunua mara nyingi, na kila mara ananiongezea kidogo. Aliipua kikaango, akafuta mikono kwenye kanga, akanitazama.

"Modesta, mvua za Elinino zilikukuta wapi?"

"Magu. Nilikuwa namuuguza mama."

"Ndiyo. Hukuwepo. Ndiyo maana sikuwahi kukununia."

Nikamsogelea karibu na moto wake.

"Mwanangu Malimi alikufa maji mvua zile," alisema. "Ziwa likamtoa Mazalio. Kwenye matete yale yale. Nikaenda na jembe langu na kaka zangu. Mumeo akasimama mbele yetu. Hakunitukana, nisimsingizie marehemu. Alilia. Akasema, mama, nikikuruhusu wewe nitamzuia nani? Akasema hoteli itatoa sanduku zuri, watampeleka makaburi ya mjini, na mchungaji atakuwepo."

"Ukakubali?"

"Ningefanyaje? Ana bunduki ya serikali na machozi, vyote viwili." Hakuna aliyecheka. "Na kwetu mama hapandi chombo kimoja na mwanawe aliyekufa maji. Nikabaki ufukweni naangalia boti mpaka mvua ikaifunika. Baadaye nikamwomba anipeleke nilione kaburi. Akasema wiki ijayo. Kila nikimkuta, wiki ijayo."

Nikakumbuka kitu. Mwaka mzima ule Opiyo hakugusa samaki wa kukaanga niliowaleta kutoka kijijini. Alisema wanamletea kiungulia. Na mimi mpumbavu nikawa namtafutia magadi.

"Sheria ni msumeno, mama," Machibya alisema, hakuwa ananibeza. "Imekata kule, leo imekata huku."

Nikapiga magoti mbele ya Paskazia, kwenye mchanga wenye magamba ya samaki. Ningemwombaje mtu kitu ambacho mume wangu alimnyima?

"Inuka, unachafua gauni," alisema. "Mimi si mchawi, Modesta. Ningekuwa mchawi ningefurahi leo, na sijafurahi. Mumeo atazikwa Mazalio. Lakini hatamtangulia mwanangu. Malimi alitolewa pale kwanza."

"Kufukua maiti si mchezo," Machibya alimwambia. "Kuna vibali vya wilaya, kuna bwana afya. Marehemu huyu hawezi kungoja."

"Nani kasema afukuliwe? Nataka udongo wa kaburi lake, konzi moja. Boti ya hoteli ina mbio, inakwenda mjini na kurudi jua lingali juu. Nitauzika Mazalio na kumwita mwanangu kwa jina, ajue amerudi. Halafu Opiyo alale pembeni yake. Mimi na wewe tutakuwa na mahali pamoja pa kwenda kulia."

Banda zima lilishusha pumzi. Ndipo pole zikaja, zote kwa mpigo. Mwanamke mmoja akanifunga kanga kiunoni. Chenge akasema ataleta mitumbwi, na injini zitazimwa mbali ili ndege wasishtuke. Paskazia akamwaga samaki wake kwenye sinia, akaosha bakuli lake la bati, akalifuta kwa upindo wa kanga yake, akanikabidhi.

"Nani anajua kaburi lilipo?" Machibya aliuliza.

"Collins," nikajibu. "Si ndiye alikuwa naye botini siku zote?"

Wote tukamtazama. Collins alikuwa anatazama miguu yake. Nikadhani ni msiba. Kijana wa watu alimwona rafiki yake akizama.

"Twende, shemeji," alisema.

Njiani nilizungumza peke yangu. Nilimweleza nitakavyowaambia watoto, nitakavyomletea Paskazia kitenge kizuri siku ya kumaliza matanga. Nilikuwa na huzuni ya kuua mtu, lakini ndani yake kulikuwa na nafuu kidogo, na nafuu hiyo ndiyo iliyonifanya nipayuke. Collins alishika usukani, akaongeza mwendo.

Tukafunga boti mjini, tukapanda kupitia soko la Mkuyuni, katikati ya wauza mitumba na kelele zao. Watu wanabishania suruali, na mimi na bakuli langu natafuta udongo wa maiti. Tukafika makaburini, mlimani, kati ya mawe. Collins akatangulia. Akakata kushoto, akasimama. Akakata kulia. Akarudi tulikotoka.

"Umelisahau?" nikamuuliza. "Kumbuka taratibu. Lilikuwa karibu na jiwe, au mti?"

Akazunguka jiwe lingine.

"Collins, ni lipi?"

"Lolote, shemeji."

"Sikuelewi."

"Chota popote. Udongo ni udongo."

Nikamtazama. Alikaa chini juu ya jiwe.

"Hatukufika mjini siku ile," alisema. "Mvua ilitukuta mkondoni, injini ikazima, boti ikaanza kujaa. Tulichota maji mpaka mikono ikafa ganzi. Opiyo akasema tukiendelea kulishikilia sanduku tunakufa wote. Tukaliinua. Tukaliachia. Lilielea kidogo tukiliona, halafu likaenda."

"Mungu wangu."

"Akaniapisha. Alisema, yule mama akijua maji yamemchukua mwanawe mara mbili, atayafuata mwenyewe. Kwa hiyo hakuna kaburi, shemeji. Halijawahi kuwepo."

Nikashikilia jiwe. "Na hii juzi? Mlikuwa mnafukuza kokoro?"

Collins akaanza kulia kama mtoto. "Hapakuwa na kokoro. Kuna wavuvi walisema wavu wao umenasa ubao wenye mshikio wa sanduku, ng'ambo ya mkondo. Nilimwambia upepo ni mbaya. Akasema, nitamwambia wiki ijayo mpaka lini?"

Nilimpiga kofi. Sijui nilimpiga yeye au Opiyo. Kisha nikamshika nikalia kifuani kwake, maana hapakuwa na mwingine wa kumlilia. Mume wangu alibeba jambo hilo mwaka mzima, analala nalo ubavuni mwangu, na mimi nampa magadi. Angeniambia. Ningemtukana, ningemnunia, lakini tungekwenda wote kwa Paskazia tukapiga magoti wawili.

Collins akajifuta uso. "Shemeji, sikiliza. Nani atajua? Mama atauzika udongo, moyo wake utatulia. Opiyo atazikwa. Watoto watabaki bomani kwao. Niambie wewe, nani anaumia?"

Nikatafuta mtu wa kuumia nisimwone. Nilimtafuta kweli. Jua lilikuwa limeshapita utosini, na kule Mazalio mama mzee alikuwa amekaa na tawi mkononi.

Palikuwa na kaburi moja lisilo na msalaba, limechomekwa chupa kichwani. Nikapiga magoti hapo. "Nisamehe, wewe uliyelala hapa," nikasema. Nikachota.

Tuliporudi, sikuitambua Mazalio. Mitumbwi yote ya kijiji ilikuwa imekuja kwa kasia, imepangwa nje ya matete, hakuna uliovunja hata jani. Hakuna moto uliowashwa. Kwaya ya wanawake iliimba kwa sauti ya chini, na ndege walikuwa bado kwenye viota vyao. Wale wageni wawili walisimama nyuma kabisa, wamevua viatu.

Klausi alikuwa shimoni, amelowa jasho, anatupa udongo. Machibya alikuwa amemwonyesha pa kuchimba ili mizizi ya matete isikatwe, na walikuwa wamekubaliana kwamba kuanzia leo sehemu ile ya ufukwe itatengwa kwa waliotolewa na maji, kijiji na hoteli wataitunza pamoja. Nilisimuliwa hayo na Maige akininong'oneza, anafurahi katikati ya msiba.

"Umeona, Modesta? Marehemu ametuletea jambo jema."

Kulikuwa na shimo kubwa, na pembeni yake kishimo. Mama Agutu na Paskazia walikuwa wamekaa kati ya mashimo hayo, wameshikana mikono, hawana hata lugha moja ya mama wanayoijua wote.

Kila mtu alikuwa ametimiza neno lake. Mzungu ametimiza, mwenyekiti ametimiza, Chenge ametimiza. Nilitembea kati yao na bakuli, wakanipisha njia kwa heshima, na kila aliyenipisha alinikata maini.

Paskazia akasimama. Akalipokea kwa mikono miwili. Akainamisha uso, akaunusa udongo.

"Malimi," alisema. "Mwanangu. Kumbe ulikuwa karibu hivi."

Wanawake wakaangua kilio. Hata Machibya akageuka akatazama mawe. Paskazia akaweka paji la uso kwenye udongo ule, akakaa hivyo muda mrefu. Alipoinua kichwa, sura yake ilikuwa nyingine. Ilikuwa imelegea, kama ya mtu aliyepata usingizi baada ya homa.

"Watu wangu, nisikilizeni," alisema. "Nilimwekea kinyongo Opiyo mwaka mzima. Nilikuwa nasema moyoni, huyu amenitupia mtoto. Kumbe alimlaza pazuri, na mke wake amekwenda amenichotea. Leo mbele yenu nimemsamehe. Atangulie Malimi, yeye afuate, walale."

Mama Agutu akamshukuru kwa Kijaluo. Klausi akapanda kutoka shimoni, akampa jembe lake dogo la bustani kwa mikono miwili.

Paskazia hakulipokea. Alikuwa ananitazama mimi.

"Kabla sijamlaza," alisema, "niambie, Modesta. Kaburi lake likoje? Wamemwekea msalaba? Limeota majani?"

Nikamtafuta Collins. Alikuwa amesimama hadi magotini majini, ametupa mgongo, anatazama ziwa.

"Jumapili tukitoka kanisani tutakwenda wote wawili," Paskazia aliendelea. "Sitaogopa boti tena. Nitachukua kijembe nikampalilie, na wewe utanionyesha."

Opiyo alikuwa karibu na miguu yangu, amefunikwa kanga ya mama yake. Kwaya ilikuwa imenyamaza kusubiri jibu langu. Jua lilikuwa limebakiza kidole kimoja juu ya maji.

"Mbona unalia, mwanangu?" Paskazia alisema. "Sema tu lilivyo."